Gunia la kungoja: usiuze hisa kwa presha

Leo sina somo la kupiga picha ya dera wala la kumjibu mteja anayeuliza "mwisho bei gani". Nataka tuongee kuhusu hisa, kwa sababu naona wengi wetu tumeanza kununua kupitia simu, na naona pia jinsi watu wanavyohangaika bei ikishuka. Mimi mwenyewe nilihangaika. Nilipoteza hela, nikapoteza na oda, na ile oda ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Kwa wasionijua: nina duka dogo la vitenge, madera na viatu vya kike hapa Ifakara, si mbali na stendi. Shule niliishia kidato cha nne. Mzigo nafuata Kariakoo, naposti WhatsApp na Instagram, natuma kwa basi Mlimba, Mang'ula, Malinyi, Mahenge, wengine mpaka Morogoro mjini. Mambo ya hisa sikusomea popote. Nimejifunza kwa kusoma, kuuliza na kuumia. Kwa hiyo siji kukuambia ununue hisa gani. Nakueleza yaliyonikuta na sheria nilizojiwekea baada ya hapo.

Ilivyoanza

Mnaofanya biashara bonde hili mnajua msimu wetu. Mpunga ukishavunwa, kuanzia mwezi wa sita na kuendelea, hela inazunguka. Watu wanajenga, wanaoa, wanavaa. Hata mteja aliyekuwa anaomba punguzo la mia tano anakuja analipa bila kelele. Mwaka ule msimu ulikuwa mzuri. Kufika mwezi wa tisa nilikuwa na laki sita nje ya mtaji unaozunguka dukani. Ile hela nilikuwa nimeitenga kwa mzigo wa Krismasi.

Rafiki yangu mmoja akanionyesha simu yake. Alikuwa amenunua hisa za kampuni moja iliyoko Soko la Hisa la Dar es Salaam, na bei ilikuwa imepanda. Nikaona isiwe tabu. Krismasi iko mbali, hii laki sita badala ya kukaa tu, ikafanye kazi miezi miwili, mwezi wa kumi na moja naitoa na faida juu naenda Kariakoo.

Kampuni siitaji jina, kwa sababu haikunikosea chochote. Kosa lilikuwa langu.

Nilitoa 600,000. Ukinunua hisa kuna ada ya dalali, ya soko na ya mamlaka, na kwangu zilifika kama asilimia 2. Kwa hiyo hisa zenyewe zilikuwa za kama 588,000. Hiyo ada sikuwa nimeipigia hesabu, na sikuwa najua kwamba wakati wa kuuza nitakatwa tena.

Wiki ya kwanza bei ilipanda kidogo. Nikajiona mtaalamu. Nikaanza na kuwashauri watu! Wiki ya tatu ikaanza kushuka. Leo shilingi tano, kesho kumi, keshokutwa imesimama, halafu inashuka tena. Nikawa naamka naangalia simu kabla hata ya kunawa uso. Mteja yuko dukani anajaribu kiatu, mimi naangalia bei. Usiku nipo macho, wakati soko lenyewe limefungwa tangu alasiri na bei haiwezi kubadilika mpaka kesho yake. Yaani nilikuwa naangalia namba iliyolala, mimi ndiye nisiyelala.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja hisa zangu zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 20. Na hapo siku za kwenda Kariakoo zilikuwa zimefika. Nikaamua kuuza.

Jumatatu nikaweka oda ya kuuza. Hakuna aliyenunua kwa bei niliyotaka. Hili nalo sikulijua: soko letu ni dogo, kuna hisa zinaweza kukaa siku nzima bila kubadilishana mikono. Kuona bei kwenye simu haina maana kwamba kuna mtu amesimama mlangoni na hela yake. Jumanne nikashusha bei. Jumatano nikashusha tena. Alhamisi ikanunuliwa.

Alhamisi ileile, saa nne asubuhi, mteja wa Mahenge akaniandikia. Alitaka vitenge 22 vya aina moja, sare za sendofu ya mdogo wake, na mimi mzigo huo nilikuwa nao stoo. Faida yangu kwa kila kitenge ilikuwa 5,000. Ujumbe niliuona. Nikasema ngoja nimalize hili la hisa, nitamjibu sasa hivi. Nilikuja kumjibu saa tisa. Akaniambia kwa upole kabisa, "Samahani dada, nimeshachukua kwa mwingine, ulikaa kimya."

Sasa tupige hesabu pamoja. Hisa za 588,000 ziliposhuka asilimia 20 zikawa 470,400. Ukitoa ada ya kuuza, nikapata kama 461,000. Hasara kwenye hisa ni 139,000. Oda ya sendofu iliyonipita ni 110,000. Jumla karibu laki mbili na nusu. Na hela yenyewe haikuingia Alhamisi. Ukiuza hisa, malipo huja baada ya siku tatu za kazi, kwa hiyo niliipata Jumanne. Safari ya Kariakoo ikasogea, mzigo ukaja umechelewa na umepungua.

Miezi kadhaa baadaye bei ya ile hisa ilirudi pale nilipoinunulia. Watu wakiisikia hadithi hii wananiambia, "Ungevumilia." Lakini ningevumiliaje? Krismasi haingojei bei ya hisa. Hata kama nisingekuwa na presha hata kidogo, ile hela ilikuwa lazima itoke. Na hata kama bei isingerudi kabisa, kosa langu lingekuwa lilelile.

Nilichojifunza Mngeta

Nina mjomba analima mpunga Mngeta. Baada ya sikukuu nilienda kumsalimia, nikamkuta anapanga magunia. Unajua bei ya mpunga inavyokuwa. Wakati wa mavuno kila mtu anauza, bei inalala. Ukifika mwezi wa kwanza au wa pili, mpunga umeadimika, bei inanyanyuka. Kila mtu bonde hili anajua hilo, hata mtoto. Sasa kwa nini wengi bado wanauza wakati wa mavuno?

Mjomba akacheka. "Unadhani hawana akili? Mtu ana deni la mbolea, ana ada ya mtoto, ana mgonjwa. Anauza kwa sababu analo gunia moja tu, na gunia hilo lina kazi tano."

Yeye magunia yake anayagawa siku ileile yanapotoka shambani. Kuna ya kula nyumbani mpaka mavuno mengine. Kuna ya kuuza mara moja kulipa madeni na vibarua. Kuna mbegu. Yanayobaki baada ya hapo, yawe mawili au kumi, ndiyo ya kungoja bei. Yanakaa pembe yake. Bei ikishuka hayamsumbui, kwa sababu hakuna anayekula wala anayesoma kwa kutegemea magunia yale.

Nikamuuliza, mwaka ambao hakuna kinachobaki? Akasema, "Mwaka huo singoji bei."

Nilirudi Ifakara nikiwaza neno hilo njia nzima. Nilikuwa nadhani wanaovumilia wana moyo mgumu na mimi nina moyo mwepesi. Kumbe mjomba hana moyo mgumu wowote, amepanga vizuri tu. Mimi nilichukua gunia la mbegu nikaliweka pembe ya kungoja, halafu nikajilaumu kwamba nina presha. Ile presha ilikuwa sahihi! Ilikuwa inaniambia ukweli kuhusu hela yangu.

Hili ndilo ninalotaka ulibebe leo, hata ukisahau mengine yote. Ukiona bei ikishuka kidogo tu hulali, usianze kuulaumu moyo wako. Kwanza uliza ile hela uliitoa wapi na ilikuwa na kazi gani.

Lakini hisa si mpunga

Mpunga una msimu. Mwaka hata mwaka, mwezi wa pili utafika. Hisa haina mwezi wa pili. Hakuna anayejua bei itarudi lini, au kama itarudi. Kwa hiyo usidanganywe na maneno ya "vumilia tu itapanda". Tuangalie mifano ya kweli ya hapahapa.

Soko letu la Dar es Salaam lilianzishwa 1996 na biashara ikaanza 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL, ile ya gesi. Benki ya CRDB ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2009, bei ilikuwa shilingi 150. Kufikia 2014 ilikuwa imepita 400. Ukiwa na hisa wakati ule unajiona tajiri, sivyo? Lakini mwaka 2019 bei ilikuwa imeshuka chini ya 150. Yaani mtu aliyenunua mwanzoni kabisa, miaka kumi baadaye, kwa bei ya sokoni alikuwa chini ya alipoanzia. Halafu ikageuka. Mwaka 2024 hisa ileile ilikuwa imepita 500. Sasa jiulize kwa ukweli: ungekuwa na hela ya kodi ya fremu ndani ya hisa zile mwaka 2019, ungefika 2024?

Vodacom Tanzania nao waliuza hisa zao mwaka 2017 kwa shilingi 850. Wengi walionunua walikuwa wananchi wa kawaida, kwa baadhi yao hisa ya kwanza maishani. Mwaka 2021 bei sokoni ilikuwa chini ya ile 850. Ambaye hela yake ilikuwa ya kungoja, alingoja huku akitegemea gawio. Ambaye ilikuwa ya mtaji, aliuza kwa hasara.

Kenya kuna mfano mkubwa zaidi. Safaricom ilipouza hisa mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, watu walipanga foleni, na wapo waliokopa benki ili wanunue. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imeshuka chini ya 3. Aliyekopa alikuwa na marejesho kila mwezi, na benki haikumuuliza bei ya hisa ikoje. Mwaka 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40, lakini wangapi kati ya waliokopa walikuwa bado wanazo? Na hadithi haikuishia hapo: mwaka 2023 ilikuwa imerudi chini ya 20. Aliyenunua kileleni kwa sababu kila mtu anaisifia, naye akaonja.

Nje huko ni hivyohivyo. Mwaka 2020 corona ilipoingia, soko la Marekani lilishuka kama theluthi nzima ndani ya wiki tano, na kufikia mwezi wa nane lilikuwa limesharudi. Japani soko lao lilifika kilele mwishoni mwa 1989, likashuka, na halikukivuka kilele hicho mpaka 2024. Huko miezi kama sita, kwingine miaka 34. Kwa hiyo uvumilivu peke yake si mpango. Mpango ni kujua kwa nini unangoja, na kuwa na hela inayoweza kungoja.

Sheria zangu sita

Baada ya kutoka Mngeta nilinunua daftari la shilingi mia tano, nikaandika sheria. Niliziandika nikiwa sina hisa hata moja, akili imetulia. Hilo ni muhimu, kwa sababu sheria unayoitunga bei ikiwa inashuka ni kisingizio tu.

*1. Kila hela iwe na gunia lake.* Jumapili jioni nagawa. Kwanza mtaji wa mzigo unaozunguka, haugusiki. Pili hela ya dharura: kodi ya fremu ya miezi mitatu na matumizi ya nyumbani. Hii inakaa mahali ninapoweza kuipata haraka. Tatu madeni na mchezo wa wiki. Kikibaki kitu baada ya hapo, ndilo gunia la kungoja. Wiki nyingi hakibaki, na wiki hizo sinunui hisa. Kukopa ndiyo kabisa, iwe benki, iwe kikoba, iwe wale wa kausha damu. Mkopo una tarehe, na hisa haina tarehe.

*2. Miaka mitatu au nisinunue.* Kabla ya kununua najiuliza: hii hela nitaihitaji kabla ya miaka mitatu? Jibu likiwa ndiyo, au hata "labda", inabaki kuwa hela ya duka. Miaka mitatu si namba ya kitaalamu, ni yangu mimi. Nimeona tu kwamba inanizuia kuweka hela ya Krismasi sehemu isiyo yake.

*3. Naandika sababu kabla ya kununua.* Mistari mitatu tu. Kampuni hii inauza nini? Inapata faida, na imekuwa ikitoa gawio? Kitu gani kikitokea nitaiuza hata kama bei iko juu au chini? Kampuni zilizoko sokoni zinatakiwa kutangaza hesabu zao hadharani, na taarifa zao zinawekwa wazi. Lugha ni ngumu mwanzoni, nakubali. Lakini wewe unayeweza kukadiria faida ya duka la mwenzako kwa kuangalia rafu zake, faida ya mwaka huu na ya mwaka jana huwezi kushindwa kulinganisha. Ukikosa cha kuandika kwenye mistari hiyo mitatu, maana yake unanunua kwa sababu fulani kanunua.

*4. Kidogo kidogo, na si kampuni moja.* Zamani nilitia laki sita siku moja. Siku hizi nikiwa na hela ya kungoja naigawa mara nne au tano, nanunua kila baada ya muda. Bei ikishuka katikati, awamu inayofuata inanipa hisa nyingi zaidi kwa hela ileile. Ni kama mzigo: hujaza duka lote kwa rangi moja ya dera kwa sababu wiki hii inatoka. Ila angalieni ada, msinunue vipande vidogo sana kila siku mkaliwa na makato.

*5. Simu ina siku yake.* Naangalia bei Jumamosi, mara moja. Soko limefungwa, siwezi kufanya chochote hata nikitaka, na hiyo ndiyo faida yake. Nilitoa ile programu kwenye ukurasa wa mbele wa simu, nikaficha arifa zake. Jumatatu mpaka Ijumaa simu ni ya wateja. Tangu nifanye hivyo najibu oda haraka, na ninyi mnajua, mteja wa mtandaoni akikaa dakika ishirini bila jibu ameshahamia kwa mwingine.

*6. Nikitaka kuuza, nalala usiku tatu.* Naandika kwenye daftari: leo nataka kuuza, kwa sababu hii. Halafu nafunga. Baada ya usiku tatu nafungua tena na kulinganisha na ile mistari mitatu ya mwanzo. Sababu niliyonunulia imekufa? Nauza, hata kwa hasara. Kilichobadilika ni bei tu na kampuni ni ileile? Sigusi. Sheria hii inafanya kazi hata bei ikipanda, maana tamaa ya kununua zaidi wakati wa shangwe nayo ni presha, imevaa nguo nzuri tu.

Zilivyojaribiwa

Sheria ni rahisi kuandika. Zangu zimejaribiwa mara mbili.

Mara ya kwanza, hisa nilizonunua zilishuka wiki nne mfululizo. Nikaandika kwenye daftari kwamba nataka kuuza, sababu: "naogopa". Baada ya usiku tatu nilisoma neno hilo moja nikajionea aibu. Kampuni ilikuwa inaendelea na kazi, gawio lilikuwa limetangazwa. Nikaacha. Gawio lilikuja, dogo tu, limekatwa kodi ya asilimia 5, likanilipia nauli ya Dar. Na mpaka naandika hapa, zile hisa bado ziko chini kidogo ya bei niliyonunulia. Sitaki kuwadanganya kwamba nimetajirika. Ninachoweza kusema ni kwamba duka halikutikisika, mzigo ulikuja kwa wakati, na usiku nalala.

Mara ya pili niliuza. Kampuni nyingine niliyokuwa nayo, nilikuwa nimeandika kwamba nitaiuza ikiacha kupata faida miaka miwili mfululizo. Ikawa hivyo. Nililala usiku tatu, nikasoma daftari, nikauza kwa hasara ya elfu arobaini na kitu. Iliuma? Iliuma. Lakini ilikuwa tofauti kabisa na ile ya mwanzo. Mara ile ya mwanzo niliuza kwa sababu nilibanwa. Hii niliuza kwa sababu nilishaamua mapema, na ile hela iliyobaki haikuwa na haraka, nikaitafutia kazi nyingine taratibu.

Kabla hujanunua hisa ya kwanza

Mambo matatu ya haraka. Hisa za soko letu unanunua kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au kwa njia za simu za soko lenyewe, na utafunguliwa akaunti yenye jina lako. Mtu akikuambia tuma hela kwenye namba yake binafsi akununulie hisa, na kwamba faida ni asilimia kadhaa kila wiki, huyo hakuuzii hisa. Hisa ya kweli hakuna anayekuahidi bei yake ya wiki ijayo.

Pili, makundi ya WhatsApp. Mimi nimebaki kwenye moja tu, na limezimwa sauti. Siku bei zinapanda wote ni walimu. Siku zinashuka, yule aliyesema "nunueni" humuoni. Maamuzi ya hela yako yakae kwenye daftari lako.

Tatu, kwa mwenye duka dogo, hisa si lazima. Kuna miezi ambayo laki moja ukiiweka kwenye mzigo unaotoka inarudi na faida ndani ya wiki mbili, na hakuna hisa itakayokupa hivyo. Duka lako ndiyo shamba lako la kwanza. Ukiona mzigo unakatika kwa kukosa mtaji huku una hela kwenye hisa, jua kuna kitu umekipanga vibaya. Hisa ni kwa kile kinachobaki, ili kisiliwe na sherehe za kila wiki.

Msimu uliopita nilipita tena Mngeta. Mvua zilikuwa zimeharibu sehemu ya shamba, mjomba alivuna kidogo. Pembe ya magunia ya kungoja ilikuwa tupu, imefagiliwa. Nikampa pole. Akaniambia, "Pole ya nini? Ya kula yapo, mbegu ipo. Mwaka huu singoji bei, basi." Akanipakilia debe la mchele, nikarudi na basi la jioni. Njiani nikajibu oda tatu za Malinyi. Jumamosi ilikuwa bado siku mbili, sikuangalia bei.